Kamba ya Tatu, Nne na Tano

Wiki niliyokabidhi funguo za stoo ya vifaa mliniomba niandike kitu cha kuwafaa ninyi mnaobaki kazini. Naandika nikiwa kibarazani kwangu Kambarage, hapa Shinyanga, miguu juu ya kigoda, anasa ambayo upimaji ardhi haukuwahi kuniruhusu. Vyeo sitavitaja, anayevitaka atavikuta kwenye faili. Nitasimulia habari za kamba moja, sentensi moja niliyoitamka ovyo, na jambo kuhusu saa za setilaiti ambalo nilichelewa sana kulielewa. Nawaandikia mapema ili ninyi msichelewe.

Siku ya kwanza kazini nilifika na viatu vipya na cheti kipya. Mpima mkuu wetu alikuwa Mzee Hamisi, mzaliwa wa hapahapa mjini, ambaye babu zake walifuata biashara kutoka pwani wakasahau kurudi. Alivitazama viatu, cheti hakukigusa. Akanirushia kamba yenye mafundo kumi na mawili, iliyofungwa ncha kwa ncha ikawa kama kitanzi kikubwa.

"Nipe kona ya mraba pale penye kigingi," akasema.

Nikauliza mashine iko wapi.

"Mashine imelala. Kamba haijalala."

Nilizungukazunguka na kamba ile mpaka akanihurumia. Tuliivuta pamoja: nafasi tatu upande huu, nne upande ule, tano zikaenda mshazari. Kona iliyobaki kati ya tatu na nne ikawa mraba kamili. Mashine ilipoamka tukaipima, ilikuwa sawa. Akaniambia nikisahau yote niliyofundishwa chuoni nisiisahau hiyo, na kwamba kila ninapotaja kipimo nijiulize kwanza, kutoka wapi.

Swali hilo lilikuwa ugonjwa wake. Ukisema Kahama ni mbali, atauliza, "Kutoka wapi?" Siku moja mwenzetu aliyekuwa akiumwa alisema anaona nafuu. Mzee Hamisi akamuuliza, "Nafuu kutoka wapi, jana au juzi?" Tulicheka, lakini tangu hapo hatukuandika namba yoyote bila kuandika pembeni ilianzia wapi. Makosa mengi niliyoyaona kazini kwangu yalianzia hapo. Kuhesabu watu walijua, ila walianza kuhesabu pasipo pake.

Baadaye ikaja mashine ya mwanga, ile ya miguu mitatu. Mnaitumia kila siku, kwa hiyo huenda hamkumbuki inafanya nini. Inatuma mwanga kwenye kioo kilichofungwa juu ya mti anaoushika msaidizi, mwanga unarudi, mashine inahesabu muda wa kwenda na kurudi, halafu inakupa umbali. Mzee Hamisi aliiita futi kamba isiyolegea. Akastaafu kabla ya GPS kutufikia, akaniachia kamba yake ya mafundo.

GPS nayo inapima muda. Kila setilaiti inatangaza, "Kwangu saa hizi ni saa fulani," na kipokezi chako kinahesabu tangazo hilo limechukua muda gani kufika. Ukizisikia setilaiti nne, unajua umesimama wapi. Kwa hiyo tangu vifaa hivyo vije, sisi ni watu wa kupima muda, ardhi tunaipata baadaye. Hilo nilikuwa nalijua kwa mdomo. Nilikuja kulijua vizuri kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo upande wa Geita, katika shauri la mpaka.

Majirani walikuwa wawili. Mama Mariamu alifika pale kutoka Singida akiuza chai na vitumbua, akaweka akiba, akapata leseni na kuanza kuchimba duara lake, yaani shimo la kufuatia dhahabu. Aliteremka nalo miaka miwili akitoa kifusi. Jirani yake alikuwa Mzee Kulwa, mchimbaji wa siku nyingi, mkimya, mwenye mikono kama mbao. Bikoni iliyowatenganisha, yaani nguzo ya zege ya mpaka, iligongwa na lori la mawe, ikapotea. Mama Mariamu alipoanza kuona mwamba wenye mali, Kulwa akasema mpaka haukuwa pale, ulikuwa hatua kumi zaidi upande wa Mama Mariamu. Hatua hizo kumi zilitosha kulimeza duara lote.

Nilipima kwa GPS, nikasimika kigingi. Duara likabaki kwa Mama Mariamu. Watu walikuwa wengi, jua lilikuwa kali, nami sikuwa nimekula tangu asubuhi.

"Mama Sayi," Kulwa akaniita, "hiyo mashine yako inatazama nini? Mimi naona inatazama mawingu."

"Inasikiliza saa za setilaiti, Mzee Kulwa."

"Na saa hizo zinajuaje mpaka wangu?"

Hapo ningeweza kueleza. Lakini njaa ilijibu kabla yangu. "Saa hizo hazikosei. Zinakwenda sawasawa na hiyo iliyo mkononi mwako, hazipungui hata chembe."

Kulwa akaitazama saa yake. "Hii imesimama tangu juzi."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Mtendaji wa kijiji akaandika sentensi yangu kwenye muhtasari. Ya Kulwa hakuiandika.

Kikao cha pili kilikuwa baada ya wiki mbili. Kulwa alikuja na mtu mwenye sura yake ileile, isipokuwa mtu huyo alionekana mdogo kwa miaka kama kumi: mashavu laini, mikono laini, kalamu mfukoni. Sikuhitaji kuambiwa. Kwa Wasukuma pacha anayetangulia kuzaliwa ni Kulwa, anayefuata ni Doto. Huyu alikuwa Doto, mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari huku Shinyanga. Aliomba muhtasari usomwe. Sentensi yangu ikasomwa kwa sauti.

"Mwenyekiti," Mwalimu Doto akasema, "saa inayokwenda kasi inachelewa kuliko iliyotulia. Si kwamba ni mbovu. Muda wenyewe ndio unakwenda polepole kwake, ukiutazama kutoka hapa. Setilaiti inakwenda karibu kilometa nne kila sekunde. Kwa mwendo huo, kila siku inabaki nyuma yetu kwa sehemu kama saba za milioni ya sekunde."

"Saba za milioni?" mchimbaji mmoja akaguna. "Mwalimu, hizo hata kupiga chafya hazitoshi."

"Katika sehemu moja ya hizo, mwanga unakimbia mita mia tatu. Zidisha kwa saba."

Mtu akatoa simu, akabonyeza. "Elfu mbili na mia moja."

"Umbali wa setilaiti utakosewa kiasi hicho kwa siku moja. Na hapa tunagombania hatua kumi. Ama mpima haijui kazi yake, ama hakutuambia kweli."

Wote wakanigeukia. Mambo yale niliwahi kuyasikia chuoni, yakiwa ya kujibia mtihani tu. Nilijua kigingi kiko sawa, maana kipokezi kile nilikuwa nimekijaribu mara nyingi juu ya bikoni ninazozijua. Lakini kwa nini kiko sawa sikujua, na sentensi yangu ilikuwa ya uongo. Ningeweza kusema hayo ni mambo ya darasani, na wengi wangekubali kwa sababu nilifika na gari la serikali. Nikasimama.

"Mwalimu amesema kweli kuhusu saa. Mimi siku ile sikusema kweli. Nipeni siku kumi."

Mwenyekiti akakubali, akaamuru pande zote zisichimbe mpaka hapo. Mama Mariamu alinikuta mlangoni mwa gari.

"Mama Sayi, mwamba nilikuwa nauona kwa macho. Mvua ndizo hizo zimeanza. Siku kumi maji yatajaa, matimba yatalegea, kuta zitaanguka."

Matimba ni magogo yanayoshikilia kuta za duara. Nilijua hakuwa anakuza jambo.

"Nakuomba radhi, Mama Mariamu."

"Radhi haichoti maji," akasema. Hakusema kwa hasira. Afadhali angefoka.

Jumamosi mchana nilikwenda kwa Mwalimu Doto. Kumbe anakaa Kambarage, mitaa mitatu kutoka kwangu, na mkewe nilikuwa nikinunua kwake mchele. Nyuma ya nyumba alikuwa na ubao wa kufundishia masomo ya ziada. Alinikaribisha kwa adabu, ila hakukaa.

"Umekuja kunibembeleza, Mama Sayi?"

"Nimekuja kusoma. Ulisema kweli, na sikuielewa."

Akanitazama kidogo, akachukua chaki. Nadhani mwalimu wa kweli huwezi kumpa zawadi kubwa kuliko hiyo. Mkewe akaleta chai, akaondoka akitikisa kichwa.

Alianza na mwendo. Aliniuliza kama nimewahi kukaa ndani ya basi stendi ya Kahama, basi la jirani likaanza kurudi nyuma. Nikamwambia niliwahi kumpungia mkono muuza karanga kumuaga, halafu nikaona yuko palepale, karanga zake mkononi, ananishangaa. Lililoondoka lilikuwa basi la pili.

"Sawa. Ukiwa umekaa, huna njia ya kujua ni basi gani linakwenda mpaka utazame chini. Hata hapo unachojua ni mwendo wako na ardhi. Mwendo ni wa kitu na kitu."

"Kutoka wapi," nikasema, na nikamweleza habari za Mzee Hamisi. Akafurahi. Akasema mzee huyo alistahili kufundisha fizikia.

Halafu akaniambia jambo ambalo lilikataa kuniingia kichwani. Ukirusha embe kutoka kwenye lori linalokwenda, mwendo wa lori unaongezeka kwenye mwendo wa embe. Ukiwasha tochi kwenye lori hilo, mwendo wa lori hauongezeki kwenye mwanga. Aliye ndani ya lori na aliye kando ya barabara, wote wakiupima mwanga uleule watapata mwendo uleule.

"Haiwezekani," nikamwambia.

"Waliopima kwanza nao hawakuamini. Wakapima tena. Wakati mwingine dunia haituombi ruhusa. Sasa chukua mashine yako ya mwanga, ilaze sakafuni mwa lori, itazame juu. Kioo kifunge darini. Mwanga ukipanda mpaka kwenye kioo, hesabu hiyo ni saa yetu imegonga. Mimi niko ndani ya lori. Naona mwanga unapanda vipi?"

"Wima."

"Wewe uko kando ya barabara, lori linapita. Unaona nini?"

Nikafikiri. Wakati mwanga unapanda, lori linasogea. Kwa hiyo kioo kimesogea, na mwanga umekifuata. "Naona unapanda mshazari."

"Mshazari na wima, kipi kirefu?"

"Mshazari."

"Na mwendo wa mwanga kwako na kwangu?"

Nilifungua mkoba. Kamba ya Mzee Hamisi ilikuwemo, kama kawaida yake, chini ya miwani na biskuti. Nikampa Mwalimu fundo moja ashike, nikaivuta. Nafasi nne zikasimama wima, huo ni mwanga jinsi yeye anavyouona ndani ya lori. Nafasi tatu zikalala chini, ndipo lori lilipofika. Nafasi tano zikaenda mshazari, huo ni mwanga huohuo jinsi ninavyouona mimi. Kama mwanga unakwenda nafasi moja kwa kila hesabu, yeye amehesabu nne na mimi nimehesabu tano, na hakuna aliyekosea kuhesabu. Muda wake umekuwa mfupi kuliko wangu.

Nilikuwa nimeibeba kamba ile kazini maisha yangu yote nikidhani ni ya kona za nyumba.

"Lori hilo linakwenda nafasi tatu wakati mwanga unakwenda tano," Mwalimu akasema. "Halipo Geita nzima. Setilaiti ni ya polepole sana ukiilinganisha nalo, kwa hiyo mshazari wake unakaribia kabisa kuwa wima. Unazidi kidogo tu. Kidogo hicho ndizo sehemu zile saba."

Basi nami nikatoa changu. Nilikuwa nimebeba kitabu cha maelezo cha kipokezi chetu, kile kinene ambacho sote tunakitumia kuegemezea mlango. Humo kulikuwa na ukurasa ambao sikuwahi kuufungua. Unasema kwamba setilaiti inachelewa kwa sababu ya mwendo, lakini pia iko juu sana, mahali ambapo uvutano wa dunia ni hafifu, na huko saa huwahi. Kuwahi huko kunazidi kule kuchelewa. Waliotengeneza walijua yote mawili, wakaitega saa kabla ya kuirusha, ikiwa bado huku chini igonge polepole kidogo, ili ikifika juu ilingane na zetu. Kosa dogo linalobaki, setilaiti yenyewe hulitangaza, na kipokezi hulitoa.

Mwalimu alisoma ukurasa ule mara mbili. Chai yake ikapoa.

"Mimi nilikuwa nafundisha nusu ya hesabu," akasema. "Kwa hiyo kigingi chako kiko sawa."

"Kiko sawa. Sentensi yangu ndiyo mbovu."

Akaifuta chaki vidoleni, kidole kimoja kimoja. "Mama Sayi, tulifaulu darasa la saba wote wawili. Ng'ombe wa baba walitosha kusomesha mmoja. Kulwa akasema niende mimi, yeye akashuka machimboni. Tangu siku hiyo hajawahi kuniomba kitu. Hiki ndicho cha kwanza."

Nikamwambia, "Huna haja ya kusema chochote kikaoni. Nitaeleza mwenyewe."

"Utaeleza vibaya," akasema. Akanirudishia kitabu, akaongeza, "Nitakuja."

Siku ya kumi tulikuta mvua imenyesha usiku kucha. Mama Mariamu alikuwa na matope mpaka magotini, maana alikuwa akichota maji kwa ndoo, kuchota hakukukatazwa. Nilianza kwa kuifuta sentensi yangu, nikaomba mtendaji aandike kwamba saa za setilaiti zingeachwa hivihivi zisingelingana na zetu, na kwamba tofauti inajulikana na huondolewa. Kisha Mwalimu Doto akaomba kamba.

Aliwashikisha wachimbaji wawili. Hakuanza na mwanga, alianza na winchi. Kamba ya winchi ikishuka wima na ikishuka mshazari, ipi inataka mita nyingi? Swali hilo halikuhitaji shule, kila mtu pale alikuwa amewahi kununua kamba. Akaenda nao taratibu mpaka kwenye nne na tano. Halafu akasema, "Tuseme mimi nimepanda lori lile, Kulwa amebaki hapa. Nikaenda mbali, nikageuza, nikarudi. Kwa saa yangu nimekaa safarini miaka minane. Kwa saa ya Kulwa ni miaka kumi."

"Ndiyo maana Mwalimu ana sura ya kijana," mtu akasema nyuma.

"Hapana, hicho ni kivuli cha darasa," mwingine akajibu. "Kulwa amekaa juani."

Kulwa peke yake hakucheka. Alikuwa akiitazama kamba muda wote. "Doto, wewe ukiwa ndani ya lori hukuona kwamba mimi ndiye ninayekwenda? Kama mabasi?"

"Nilikuona hivyo. Na saa yako niliiona inachelewa, kama wewe ulivyoiona yangu."

"Basi kwa nini mdogo uwe wewe, nisiwe mimi?"

Nawaambieni, wenzangu, wapo watu wamesoma miaka mingi bila kufika kwenye swali hilo. Mwalimu alitabasamu kama mtu aliyekutana na mwanafunzi wake bora.

"Kwa sababu aliyegeuza ni mmoja. Dereva akikata kona kali, wa ndani ndiye anayejigonga mlangoni. Wewe uliyekaa hapa hukugongwa na kitu. Safari zetu hazikufanana."

Kulwa akaitikia kwa kichwa, polepole. "Na saa za huyu mama?"

Mwalimu alimtazama ndugu yake, hakunitazama mimi. "Zimetegwa kwa tofauti hiyo kabla ya kurushwa. Mimi nilikuwa sijui. Kigingi kiko sawa, Kulwa."

Sikutaka neno hilo limwangukie Doto peke yake. Nikapendekeza tupime upya, bila setilaiti. Zilikuwepo bikoni mbili za zamani za zege ambazo hakuna aliyezipinga. Nikasimamisha mashine ya mwanga juu ya moja, nikalenga ya pili, nikamwomba Kulwa mwenyewe ashike mti wa kioo. Alitembea mbele, kushoto, nyuma kidogo, kama nilivyomwelekeza, mpaka nikamwambia asimame. Alikuwa amesimama shubiri moja kutoka kwenye kigingi changu.

Akaomba sururu. Alichimba mwenyewe, matope yakimrukia. Kina cha goti sururu ikagonga chuma. Ilikuwa nondo ya bikoni ya zamani, imepinda, bado imeshikilia kipande cha zege.

"Mimi sikudanganya," akasema, akiwa ameinama. "Nilihesabu hatua kutoka banda la karasha, lile la kusagia mawe. Nilizihesabu siku ya kwanza, na nimezihesabu mwaka huu. Ni zilezile."

"Mzee Kulwa," Mama Mariamu akamwambia, kwa sauti ndogo, "banda tulilihamisha mwaka jana, wakati wewe unaumwa hospitali. Maji yaliingia kwenye mashine."

"Mlilihamisha hatua ngapi?"

Mama Mariamu akalitazama banda, akatazama lilipokuwa zamani. "Kama kumi."

Nilitamani Mzee Hamisi angekuwepo. Kulwa alikaa juu ya mawe aliyoyachimbua, akacheka kicheko kidogo kisicho na sauti. Kisha akainuka, akawaita vijana wake walete pampu yake ya maji kwenye duara la Mama Mariamu, kabla hakujachwa.

Ninyi mnaobaki mtaulizwa mara nyingi kama vifaa vyenu vinakosea. Msiseme havikosei. Semeni vinakosea kiasi gani na mnafanya nini kuhusu kosa hilo, na kama hamjui, ombeni siku kumi, ila kumbukeni kuna mtu anachota maji. Kamba nimeiacha stoo, kwenye msumari nyuma ya mlango, juu ya kile kitabu kinene. Kitabu nacho kisomeni.

Siku ile nilikuwa nakunja miguu ya mashine wakati ndugu wale wawili wananawa mikono kwenye ndoo moja. Doto alikuwa anatafuta maneno. Kulwa hakumngoja ayapate.

"Hilo lori lako la mwanga," akamuuliza, "ukienda nalo ukarudi, umekuwa mdogo kwangu kwa miaka yote hiyo. Je, bado mimi ndiye Kulwa?"

Doto alimmiminia maji, akafikiri kama anavyofikiri mwalimu aliyeulizwa swali halali.

"Utakuwa Kulwa zaidi," akasema.